Spika moja ikikata sauti ikiwa chini, angalia rilei kwanza

Jamani nyie wenye ampi za kwaya na za ukumbini, kuna ugonjwa mmoja nauona sana hapa Kigoma na unawalia watu hela bure. Spika ya upande mmoja inakata sauti ikiwa chini, ukiongeza inarudi, ukipunguza inakufa tena. Kuna mwalimu wa kwaya wa Ujiji aliniletea ya hivyo, ameshabadilishiwa waya, ameshauziwa na spika mpya, tatizo liko palepale, roho iliniuma kwa kweli. Nikaigonga rilei, yaani ile swichi ya umeme iliyo ndani ya ampi, taratibu kwa mpini wa bisibisi, sauti ikarudi.

Rilei ya spika ni ile inayolia "ta!" sekunde chache baada ya kuwasha, inalinda spika zisiungue ampi ikiharibika. Kontakti zake, yaani vile vidoti vinavyogusana kupitisha sauti, kwa kawaida ni za fedha, na fedha ikikutana na hewa yenye salfa inashika weusi kama pete ya fedha iliyosahaulika kabatini, sasa ule weusi haupitishi umeme vizuri, sauti ikiwa kubwa volti inautoboa ila ikiwa ndogo haiwezi.

Kuusugua weusi huo kwa msasa acheni! Na mimi zamani niliutumia, mteja anaondoka na furaha, wiki tatu karudi. Unaacha mikwaruzo inayokamata uchafu, na kama kontakti ina dhahabu nyembamba juu umeshaimaliza yote.

Chomoa umeme, subiri kapasita ziishe chaji, fungua kifuniko cha rilei. Kata kipande cha karatasi nyeupe ngumu, chovya kwenye spiriti ya isopropili, pitisha katikati ya kontakti, zibane kidogo kwa kidole halafu vuta. Rudia mpaka karatasi itoke safi, malizia na kavu.

Ukikuta zimeungua na kuchimbika, badilisha tu. Koili, yaani ule waya uliozungushwa ndani unaoivuta rilei, iwe ya volti ileile, kama ni 24 weka 24, na usichukue rilei iliyotoka kwenye stabilaiza ya friji hata ukipewa bure, maana kontakti iliyozoea kupiga cheche za umeme mkubwa haifai tena kwa sauti ndogo.

Ukimaliza ijaribu sauti ikiwa chini kabisa kama mtu ananong'ona, iache hivyo nusu saa, ukiijaribu kwa sauti kubwa hata rilei mbovu itakudanganya.