Vayoleti ya Usambara hapa Dodoma: usiing'oe msituni, omba jani

Mkuu umeuliza kama shemeji yako aliyeko Amani, kule milima ya Usambara mkoani Tanga, anaweza kukung'olea vayoleti ya Usambara (ndiyo hiyo wengine wanaiita vayoleti ya Afrika) msituni akutumie kwa basi uje kuipanda hapa Dodoma. Nakuomba sana usimwagize. Ile ni hifadhi ya mazingira asilia, kung'oa bila kibali ni kosa, ila hata bila sheria inauma, maana kwa asili haya maua yapo Tanzania na Kenya tu, zaidi kwenye hii milima ya Tao la Mashariki, Usambara ikiwemo, na zipo aina eneo lake ni dogo mno. Yanashika kwenye mawe yenye unyevu chini ya miti mikubwa, sasa miti ikikatwa watu walime, jua linapiga jiwe moja kwa moja, jiwe linakauka na ua ndo basi tena.

Na wala huna haja ya kufika huko. Za kwenye vyungu unazoziona duniani chimbuko lake ni zile Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alizopeleka kwao 1892, mwaka uliofuata zikaitwa Saintpaulia, na toka hapo watu wanazizalisha wenyewe kwa mbegu na kwa majani.

Mimi yangu ya kwanza nilipewa jani na mama mmoja huku Kisasa, hapa hapa Dodoma. Unakata jani na kikonyo chake, unakichomeka kwa kukiinamisha kwenye mchanga uliooshwa ukachanganywa na mboji, unafunika na chupa ya maji iliyokatwa kitako maana hewa yetu kavu mno, unaweka penye mwanga lakini jua lisipige. Litakaa wiki kibao halioneshi kitu, usilichomoe kuchungulia, vitoto vitatokea chini pale kama masikio ya panya.

Kinachoyaua hapa Dodoma sanasana ni maji ya kisima, yana chumvi, utaona ukingo wa chungu unafanya utando mweupe na vikonyo vinavyogusa pale vinaungua halafu vinaoza. Kinga maji ya mvua kuanzia Desemba uyatunze, na mwagilia kwa kuweka maji kwenye kisahani chini, yasiguse majani, yakiwa ya baridi yanaacha mabaka.

Ninayo ya zambarau na nyeupe, njoo inboksi nikupe majani mawili matatu, bure kabisa.