Jibu: Dhamira ya jarida lenu, anzeni na mtakachokataa

Ndugu, nimekuelewa: mko watatu, mnataka kuanzisha jarida la sanaa ya kisasa linalogusa maisha ya jamii, na mmebishana mwezi mzima juu ya dhamira ambayo sasa imefika kurasa nne. Nimewahi kukaa kwenye chumba cha uhariri cha namna hiyo. Tatizo huwa si maneno. Ni kwamba hakuna aliyesema jarida litakataa nini.

Anzeni hapo. Mtamchapisha msanii anayepiga picha watu wenye shida bila ridhaa yao? Mtapokea tangazo la kampuni inayowafukuza watu kwenye ardhi? Majibu yenu ndiyo dhamira; "kuelimisha jamii" haimfungi mtu yeyote.

Mtazameni Rasheed Araeen, msanii na mhariri aliyefanya kazi Uingereza. Mwaka 1978 alianzisha jarida la Black Phoenix jijini London, yakatoka matoleo 3 tu. Mwaka 1987 akaja na jarida jingine, Third Text. Hoja yake ilikuwa wazi: kwa nini historia ya sanaa ya kisasa inaandikwa kana kwamba wasanii wasio Wazungu hawakuwemo? Kwa swali kama hilo, makala yoyote inayoletwa mezani inapimika.

Halafu walipeni waandishi, hata kidogo. (Jarida la kutetea haki linalokula jasho la watu bure, mh!)

Kabla ya kusaini mkataba wa mfadhili, mwanasheria auangalie: nani ana neno la mwisho juu ya maudhui? Sisi tulipuuza, makala mbili zikaondolewa.