Plasta ikibanduka: kazi ipi uifanye mwenyewe, ipi umwachie fundi

Swali huja kwa sura moja: plasta imebanduka, nipige mwenyewe nipunguze gharama au niite fundi? Nami hujibu kwa swali. Maji yanatoka wapi? Asiyeweza kulijibu hilo bado hajafika kwenye kuchagua kati ya mikono yake na mikono ya fundi, kwa sababu plasta ya yeyote kati yao itabanduka tena masika yajayo.

Naishi Kitangiri, kwenye mteremko, na nyumba yangu imeligeuzia jabali mgongo. Mwanza tunajengea juu ya miamba ya matale, kati ya miamba na chini ya miamba, na jabali halinywi maji. Mvua ikishuka, yote yanateremka. Yakikutana na kifusi kilichojazwa nyuma ya nyumba yanazama humo na kuuegemea ukuta. Pita Mabatini, Igogo au Isamilo uzunguke nyuma ya nyumba: mbele kunapendeza, nyuma ukuta umevimba na kupukutika hadi usawa wa kiuno. Walioko chini ufukweni wana shida yao nyingine, maji yako karibu sana na msingi. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipopanda na kuivunja rekodi iliyodumu tangu 1964, kuta za nyumba za kando ya maji zilifyonza unyevu ambao haukauki kwa wiki chache za jua.

Kwa hiyo anza kwa kuusoma ukuta. Ukiona uharibifu umeanzia sakafuni na kupanda, na juu yake kuna unga mweupe wa chumvi, unyevu unatoka ardhini au nyuma ya ukuta. Mara nyingi msingi ulijengwa bila ile nailoni nzito ya kuzuia unyevu. Madoa ya kahawia yanayoshuka kutoka juu ni bati, msumari uliolegea au mfereji wa paa uliojaa majani. Kipande kimoja kilicholowa katikati ya ukuta wa bafu au jiko, mvua iwepo isiwepo, ni bomba. Funga maji yote ndani usiku, soma mita, uisome tena asubuhi. Ikiwa imesogea, fundi wako wa kwanza ni wa mabomba.

Ukibaki na shaka kama unyevu ni wa ukutani au ni jasho la chumba chenyewe, chukua kipande cha nailoni angavu, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi (selotepu) pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakikaa upande wa ukuta, ukuta ndio unaotoa maji. Yakikaa upande wa chumbani, fungua madirisha zaidi na uangalie mnavyopika na kuanika nguo ndani.

Halafu kuna nyufa. Ufa mwembamba kama unywele, usio na mwelekeo, ni wa plasta tu. Ufa unaoanzia kona ya dirisha na kwenda mshazari, mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, unasema msingi umesogea. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake, andika tarehe pale pale ukutani, pima upana wake. Ukizidi milimita 5, au upande mmoja umetokeza kuliko mwingine, au ncha imeipita alama yako baada ya mvua, usiufunike. Hapo hupo tena kwenye habari za plasta, unamhitaji mwashi mzoefu au mhandisi aangalie msingi na lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha.

Ukuta wangu wa nyuma ulikuwa wa maji ya jabali. Niliita mafundi wawili waniambie bei. Wa kwanza alitaka kuanza siku ile ile; alishaanza kuhesabu mifuko ya saruji akiwa bado sebuleni. Wa pili, mzee wa makamo kutoka Nyakato, hakuingia ndani kwanza. Alizunguka nyuma, akachokoa udongo kwa ncha ya kiatu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, hapa tuchimbe mfereji kwanza. Plasta itasubiri." Tulichimba mfereji kati ya jabali na ukuta, ukashuka chini ya usawa wa sakafu, tukaulaza uelekee pembeni ya nyumba na kuujaza kokoto. Kisha ukuta ukaachwa uchi kuanzia Juni, karibu kiangazi kizima, upigwe na upepo wa ziwani. Wageni waliuona na sikujali. Plasta ikaja mwishoni mwa Agosti, ikapita vuli na masika bila kutoa unga.

Kutoka kwenye kazi hiyo ndipo nilipopata msimamo nilio nao. Watu wanaliweka swali kama mlango wenye pande mbili, mwenyewe au fundi, wakati kazi ya plasta inagawanyika vizuri kabisa. Kuna sehemu inayotaka mkono uliozoea: kupiga, kunyoosha kwa rula (ule ubao mrefu ulionyooka), kulainisha. Na kuna sehemu inayotaka uvumilivu tu: kubandua, kusafisha, kuchekecha mchanga, kumwagilia. Fundi anayelipwa kwa mita huipitia haraka hii ya pili, maana haionekani siku ya kukabidhi. Lakini ndiyo inayoamua plasta itakaa mwaka mmoja au ishirini. Mwenye nyumba ana sababu zote za kuifanya polepole. Basi ichukue wewe, hata ukiwa na hela ya kumlipa mtu.

Kubandua: zima umeme kwenye meni swichi kama ukuta una soketi au swichi, kwa sababu nyaya hupita ndani ya plasta. Vaa miwani na kitambaa puani. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kipande kwa kipande. Plasta iliyoshika hutoa mlio mzito, iliyojitenga hutoa mlio wa utupu. Chora mstari kuzunguka eneo lote lenye mlio wa utupu, hata kama kwa macho linaonekana zima, kisha litoe lote kwa nyundo na tindo mpaka tofali. Kingo zikate ziwe wima, zisiwe zimelala kama sahani. Penye chumvi panda juu zaidi ya doa kama nusu mita, maana chumvi imeshatangulia mbele ya macho yako. Sugua tofali kwa brashi ya waya, na viungo vya matofali vilivyooza vichokoe kidogo plasta ipate pa kung'ang'ania.

Kupiga kwenyewe, je? Kipande kisichozidi mita moja ya mraba, ukuta wa ndani, usawa ambao mkono unafika bila kupanda kitu: fanya mwenyewe. Saruji ikishaguswa na maji, una kama saa moja ya kufanya kazi kwa utulivu kabla haijaanza kugoma, na mkono mgeni hauwezi kumaliza eneo kubwa kuliko hilo ndani ya muda huo. Dari, kona za nje, pembe za milango, ukuta mzima, na kila kinachohitaji jukwaa la mirunda, mwachie fundi.

Hesabu ya vifaa si ngumu. Plasta ya unene wa milimita 15, kwa kipimo kimoja cha saruji kwa vitano vya mchanga, inakula karibu kilo 5 za saruji kwa mita moja ya mraba. Mfuko wa kilo 50 unafunika mita kumi, na ukuta wa chumba wenye urefu wa mita 3 na kimo cha mita 2.8 unamalizwa na mfuko mmoja. Saruji ya daraja la 32.5 inatosha, ile ya 42.5 iache kwa nguzo na zege. Na usiongeze saruji kwa kudhani unaimarisha. Mchanganyiko wenye saruji nyingi husinyaa unapokauka, ukapasuka nyufa ndogo ndogo kila mahali.

Mchanga ndio unaoharibu plasta nyingi hapa kwetu. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo hatuna ile hofu ya chumvi waliyo nayo wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam, ila mchanga wa ufukweni ni laini mno, chembe zake zinalingana, na una vipande vya makombe na mabaki ya magugu. Chukua wa mtoni. Hata huo upime: tia mchanga kwenye chupa ya plastiki hadi sentimita 10, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, acha hadi kesho. Tope litakaa juu ya mchanga. Likifika sentimita moja, rudisha mzigo au uoshe. Kisha chekecha, usichoke.

Ukuta uloweshe usiku wa kuamkia kazi, na tena kidogo asubuhi, uwe na unyevu bila maji yanayong'aa juu yake. Tofali kavu la kuchoma hunyonya maji ya plasta kabla saruji haijashika, na huo ndio mwanzo wa mlio wa utupu mwakani. Rushia kwanza tabaka jembamba, jepesi, lenye saruji zaidi kidogo, liache hadi kesho yake. Kisha jaza kwa mwiko ukisukuma kutoka chini kwenda juu. Shimo likizidi sentimita mbili jaza kwa awamu mbili, na ile ya kwanza ichore mistari ya kukwaruza kabla haijakauka ili ya pili ishike. Nyoosha kwa rula inayoegemea plasta ya zamani pande zote mbili. Hapo ndipo mtu anayejifunza anapata msaada ambao ukuta mzima haumpi: kingo za zamani zinakuonyesha unene. Vaa glavu, saruji mbichi inachoma ngozi taratibu na utaijua jioni.

Halafu maji. Siku 7, asubuhi na jioni, nyunyiza kwa brashi au ning'iniza magunia yaliyolowa. Kiangazi chetu, Juni hadi Septemba, ni kizuri kwa kukausha ukuta mtupu, lakini jua lile lile na upepo wa mchana kutoka ziwani hukausha plasta mpya kabla haijapata nguvu. Fundi ameshaondoka kwenda Buhongwa kwenye kazi nyingine, wewe ndiwe uliyebaki na ndoo.

Kama nyumba ni ya matofali mabichi ya udongo, kama zile za wazazi wetu Magu na Kwimba, mambo ni tofauti. Saruji juu ya udongo ni ngumu kuliko ukuta wenyewe. Ukuta unavuta na kuachia unyevu kila msimu, saruji inaufungia ndani, na siku moja kipande kizima kinaanguka na udongo wake. Kwa ukuta wa ndani plasta ya udongo na chokaa inafaa zaidi, na ni kazi ambayo wengi wetu tuliwaona mama zetu wakiifanya kwa mikono. Nasikitika tunavyoidharau.

Ukiamua kuita fundi, usimwambie akuonyeshe kazi aliyoimaliza juzi, plasta mpya zote ni nzuri. Omba ukuta alioupiga kabla ya masika yaliyopita, uende uugonge. Muulize atachanganya vipimo vingapi, na baada ya kumaliza ukuta umwagiliwe siku ngapi. Anayekuambia hauhitaji maji, mshukuru kwa kuja. Vijana waliopita chuo cha ufundi cha VETA Nyakato wapo, na wapo waliojifunza kwa kuwa saidia fundi miaka mingi. Nimeona kazi nzuri na mbaya kutoka pande zote mbili, kwa hiyo cheti kisikufunge wala kisikutie uvivu wa kukagua.

Bei ikubaliwe kwa mita ya mraba, hela ya ufundi peke yake, na mseme mapema kama saidia fundi yumo humo au unamlipa wewe. Pima ukuta mwenyewe kabla hajaja. Saruji na mchanga nunua mwenyewe, dukani mkaelewane bei, mfuko uufunguapo nyumbani usiwe na mabonge. Kianzio kiwe kidogo, cha nauli na chakula. Sehemu ya mwisho ya malipo isemwe mapema kwamba italipwa baada ya wiki ya kumwagilia, na uiandike kwenye karatasi mkiwa wote wawili. Fundi mwaminifu hakatai, maana anajua ukuta wake utajibu.

Siku ya kulipa, zima taa usiku, laza tochi ubavuni mwa ukuta. Mabonde na vilima vyote vitaonekana. Kisha gonga tena kwa kifundo cha kidole, kona hadi kona. Palipo na mlio wa utupu aparudie kabla hujatoa hela.

Rangi isubiri wiki 4. Ukutani palipokuwa na unyevu usipake rangi ya mafuta, na usibandike tailizi kwa nia ya kuficha doa. Maji yaliyozuiwa chini yatapanda na kutokea juu ya tailizi, na safari hiyo utabandua vyote viwili.