Muulize Fundi wa Mitandao: Picha zinakwama njiani

SWALI: Fundi, habari? Hapa mtaa wa Huruma, Nairobi, tuko majirani wanne, tumechanga tukalipia laini moja ya intaneti. Ruta zetu zinapokezana kutoka paa hadi paa, na nyumba yangu ndiyo ya mwisho. Mimi ni mshonaji, nawatumia wateja picha za nguo. Mchana zinaenda vizuri, jioni zinakwama. Kijana mmoja aliongeza nguvu ya ruta yangu hadi mwisho, mambo yakazidi kuharibika. Tufanyeje?
Mama wa Cherehani

JIBU: Mama, rudisha hiyo nguvu ilivyokuwa, leo hii. Ruta hazitangazi kama redio, zinajibizana. Kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, ikifika, aliyepokea hujibu kwamba ameipata. Jibu lisiporudi, pakiti hutumwa upya. Ruta yako sasa inapaza sauti hadi paa la mbali, lakini la mbali linakujibu kwa sauti ile ile ndogo. Isitoshe, unawafunika majirani.

Tupige hesabu. Tuseme ukiruka moja kwa moja hadi paa la mbali, pakiti 3 tu kati ya 10 zinafaulu. Kila pakiti itatumwa zaidi ya mara 3 kwa wastani. Ukipitia kwa jirani wa katikati, kila hatua ikifaulu mara 9 kwa 10, hatua zote mbili zinagharimu kama mara 2.2. Mwaka 2003 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walichapisha kipimo cha namna hii, ETX, kinachohesabu kwenda na jibu kurudi. Mwambie kijana aweke programu inayochagua njia kwa kipimo hicho, si kwa uchache wa hatua.

Lakini hilo la jioni ndilo linalonikera zaidi. Niliwahi kuhangaika siku mbili juu ya mabati kule Mathare, nikibadilisha antena, kumbe mama wa katikati alikuwa akizima ruta jioni ili tokeni ya umeme isiishe. Wenzake hawakuwahi kumuuliza. Nenda ukamwone jirani yako wa katikati, taratibu, bila lawama. Ruta ya wati 10 ikiwaka saa 24 hula karibu robo ya yuniti. Gaweni gharama hiyo nyinyi wanne, na mumpe sehemu yenu kila anaponunua tokeni.