Nimehama, Nimebadili Jina: Kadi Yangu Bado Inafaa?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nilijiandikisha kupiga kura miaka sita iliyopita. Tangu hapo nimehama mara mbili, nimeolewa na kubadili jina la ukoo. Kadi ninayo. Si inatosha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Haitoshi. Kadi inaonyesha kwamba uliwahi kuandikishwa. Siku ya kura karani anatazama daftari. Mimi niliwahi kupanga foleni tangu alfajiri, kadi mkononi, nikaambiwa jina langu liko kituo cha mtaa niliouhama zamani. Nilirudi nyumbani nimenuna, na wa kumlaumu sikumpata.

Kwa hiyo hakiki jina lako sasa. Tume nyingi za uchaguzi huweka daftari wazi kwa ukaguzi, ama mtandaoni ama kwa orodha zinazobandikwa vituoni. Tazama kila herufi, na tarehe ya kuzaliwa pia.

Kisha omba kuhamisha taarifa na kurekebisha jina, ukiwa na kitambulisho, cheti cha ndoa na uthibitisho wa makazi. Usijiandikishe upya kana kwamba wewe ni mgeni! Kuandikishwa mara mbili ni kosa la jinai katika nchi nyingi. (Wajerumani wamepumzika: raia akishaandikisha makazi yake, jina huingia daftarini lenyewe.)

Usingoje kampeni zipambe moto. Mara nyingi daftari hufungwa wiki kadhaa kabla ya kura, na foleni za siku ya mwisho nazijua mimi.