Maswali ya Wasomaji: Mashindano ya Sataranji na Karata Mtandaoni

Katika toleo hili tumekusanya barua zinazohusu uandaaji wa mashindano ya michezo ya ubao na karata yanayochezwa kwa njia ya mtandao. Barua tumezifupisha, na majina ya walioziandika hatukuyachapisha.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro na mlezi wa klabu ya sataranji. Tumekubaliana na shule nyingine tatu tushindane kwa mtandao Jumamosi moja, jumla ya wanafunzi 40. Wenzangu wanataka mtoano kwa kuwa ndio waliouzoea katika mpira wa miguu, lakini nahofia kuwa watoto wengi watatoka mapema. Tufuate mfumo gani, na nani atapanga nani acheze na nani?

Mwalimu, hofu yako ina msingi. Mtoano wa watu 40 una mechi 39 tu, kwa kuwa kila mechi humtoa mtu mmoja, na bingwa hupatikana upesi. Lakini mtoto aliyenunuliwa bando la siku nzima anaweza kucheza dakika ishirini kisha akageuka mtazamaji. Mfumo wa ligi, ambamo kila mmoja hukutana na wenzake wote, ndio wa haki kuliko mingine, ila kwa watu 40 unadai raundi 39 na mechi 780, na hakuna Jumamosi yenye saa za kutosha kwa kazi hiyo.

Kwa sababu hiyo wachezaji wa sataranji wamejizoesha njia ya kati inayoitwa mfumo wa Uswisi, uliotumika kwa mara ya kwanza mjini Zurich mwaka 1895. Humo hatolewi mtu. Idadi ya raundi hutangazwa mapema, na katika kila raundi mchezaji hupangiwa mpinzani ambaye hawajakutana bado na ambaye alama zake ni sawa na zake au zinakaribiana nazo, huku rangi za kete zikibadilishwa ili mtu asiwe wa nyeusi mfululizo. Anayeshinda hukutana na washindi wenzake, anayeshindwa hukutana na waliopata kama yeye, na kufikia raundi ya nne hata meza za mwisho huwa na ushindani wa kweli. Kwa watu 40, raundi sita ndizo za chini kabisa ikiwa mnataka bingwa mmoja asiye na shaka. Mimi ningeweka saba.

Upangaji wenyewe usikuumize kichwa, kwa sababu huo hufanywa na programu. Tovuti ya Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, haitozi ada wala haina matangazo ya biashara, na inafaa sana kwa shule. Utafungua timu, wanafunzi watajiunga nayo, kisha ndani ya timu hiyo utaunda shindano la Uswisi kwa kujaza siku, saa, idadi ya raundi, muda wa kila mchezaji na nafasi kati ya raundi moja na nyingine. Wakijitokeza 39 badala ya 40, mmoja wao katika kila raundi atakosa mpinzani na kupewa alama moja bila kucheza. Waambie mapema, la sivyo watadhani kuna upendeleo.

Palipo na uamuzi mgumu ni kwenye saa. Tuseme mmechagua dakika 10 kwa kila mchezaji pamoja na nyongeza ya sekunde 5 kwa kila hatua. Mechi ya hatua 60 itampa kila upande dakika 5 za ziada, hivyo mechi moja inaweza kufika dakika 30, na raundi saba zitakula saa tatu na nusu kabla hamjapumzika hata mara moja. Mkichagua dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2, mechi kama hiyo huisha ndani ya dakika 10 na shindano zima halizidi sana saa moja, ingawa kwa wanafunzi ambao bado wanajifunza naona kasi hiyo inawafundisha kubofya kuliko kufikiri. Chagueni ile ya kwanza, mcheze raundi nne asubuhi na tatu baada ya chakula.

Upo pia mtindo unaoitwa uwanja, ambao vijana wanaupenda mno: hakuna raundi, mtu akimaliza mechi hupangiwa nyingine papo hapo mpaka muda uliotangazwa uishe. Ushindi ni alama 2 na sare ni 1, na aliyeshinda mara mbili mfululizo huanza kuhesabiwa maradufu hadi atakaposhindwa kushinda. Unachangamsha kweli, lakini humtuza anayecheza haraka na mechi nyingi, kwa hiyo utumieni kwa burudani ya Ijumaa jioni, si kwa kumtafuta bingwa wa shule nne.

Nasoma chuo kikuu mjini Mombasa. Katika shindano la raundi saba tulimaliza watu wawili na alama 5 kila mmoja, tena hatukuwahi kukutana. Mwenzangu alipewa nafasi ya kwanza. Mratibu aliniambia kwamba kompyuta ndiyo iliyoamua. Hii ni haki?

Kompyuta haikuamua lolote, ilihesabu tu kwa kufuata kanuni ambayo mtu aliichagua, na mratibu wako alipaswa kuitaja kabla ya raundi ya kwanza. Mashindano ya Uswisi kwenye Lichess hutumia kanuni inayoitwa Sonneborn-Berger: hujumlishwa alama za mwisho za wapinzani wote uliowafunga, kisha huongezwa nusu ya alama za wale mliotoka nao sare. Waliokufunga hawakuongezei kitu.

Chukua mfano, ukikumbuka kwamba humo ushindi ni alama 1 na sare ni nusu. Wewe ulishinda mechi tano na kupoteza mbili, na hao watano uliowafunga walimaliza na alama 4, 4, 3.5, 3 na 3. Jumla yako ni 17.5. Mwenzako alishinda nne dhidi ya watu waliomaliza na 4.5, 4.5, 4 na 3, ambazo ni 16, akatoka sare na wawili waliomaliza na 4.5 kila mmoja, ambao nusu zao ni 4.5, kisha akapoteza moja. Jumla yake ni 20.5. Nyote mna alama 5, lakini yeye alizipata kwa watu wagumu zaidi, na ushindi wako mmoja wa ziada dhidi ya mchezaji dhaifu haukulipa pengo hilo.

Kanuni nyingine, ile ya Buchholz, hujumlisha alama za wapinzani wote bila kujali matokeo yako dhidi yao, na inaweza kutoa jibu tofauti kwa matokeo yaleyale. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kanuni iandikwe kwenye tangazo. Na pale ambapo zawadi ni kubwa, wachezaji wawili waliofungana wacheze mechi fupi mbili, kila mmoja akichukua kete nyeupe mara moja. Inachukua dakika kumi na tano, na hakuna atakayeondoka akinung'unika.

Niko Bukavu. Katika nusu fainali nilikuwa mbele kwa kete mbili, mtandao ukakatika dakika sita, na niliporudi nikakuta nimeshapoteza kwa muda. Je, mechi haikupaswa kurudiwa?

Pole, ndugu. Kwa kawaida haikupaswa. Takriban kanuni zote za mashindano ya mtandaoni zinasema kwamba saa inaendelea kukimbia na kwamba muunganisho ni jukumu la mchezaji mwenyewe, kwa sababu mratibu hana njia ya kujua aliyekatikiwa kweli na aliyechomoa waya baada ya kuona mambo yanaharibika.

Hata hivyo, suala hilo limewatatiza hata wakubwa. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, liliandaa Olimpiadi ya mtandaoni. Katika robo fainali mchezaji wa Armenia alipoteza muunganisho wakati nchi yake ikicheza na India. Rufaa yao ikakataliwa, na Armenia ikajitoa. Siku mbili baadaye, tarehe 30 Agosti, India ilifika fainali dhidi ya Urusi, na safari hii wachezaji wawili wa India ndio waliokatikiwa na kupoteza kwa muda. Hitilafu hiyo ilikuwa ya intaneti katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Baada ya rufaa, Rais wa FIDE aliamua kwamba nchi zote mbili zipewe dhahabu.

Nadhani tofauti ya maamuzi hayo inaeleweka, ingawa Waarmenia wana haki ya kuudhika: tatizo la mtu mmoja nyumbani kwake ni lake, na hitilafu iliyowagusa watu wengi ni ya shindano. Mratibu mwenye busara huandika mpaka huo mapema, kwa mfano kwamba endapo theluthi moja ya wachezaji watatoweka kwa pamoja, raundi itasimamishwa na kurudiwa. Kwa upande wako, weka simu ya pili yenye laini ya kampuni nyingine, iwe tayari kugawa intaneti, na ukumbuke kuingia mapema kwenye akaunti yako kupitia simu hiyo, kwa maana dakika sita nyingi hupotea katika kutafuta nywila.

Tuna klabu Nairobi na tunashuku kwamba mshindi wetu wa mwezi uliopita alisaidiwa na kompyuta. Tumthibitishieje?

Msianze kwa kumwandika kwenye kikundi cha WhatsApp. Tuhuma za namna hiyo hazifutiki hata zikionekana za uongo, na anayetuhumiwa mara nyingi ni kijana.

Ni kweli kwamba kudanganya ni rahisi. Mwaka 1997 ilihitajika mashine kubwa ya Deep Blue kumshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov. Leo injini ya Stockfish, yaani programu ya kucheza sataranji inayopatikana bure, huwapita mabingwa wote hata ikiwa ndani ya simu ya kawaida. Tovuti kubwa hulinganisha hatua za mchezaji na zile ambazo injini ingezichagua, lakini hilo peke yake halitoshi, kwa kuwa hatua nyingi nzuri huonekana na kila mtu. Huangalia pia muda. Binadamu hujibu papo hapo anapolazimika kula kete iliyokula yake, kisha hukaa dakika mbili katika nafasi yenye utata. Mtu anayetumia sekunde saba au nane kwa kila hatua, iwe nyepesi au nzito, hujiweka mashakani. Huangalia vilevile kama mtu anatoka mara kwa mara kwenye ukurasa wa mchezo, na kama kiwango chake kimepanda ghafla bila historia.

Hayo yote huleta uwezekano, si ushahidi wa macho. Ripotini mechi husika kwa tovuti mliyochezea na mwache wataalamu wao waamue. Kwa mashindano yajayo, kanuni iseme kwamba zawadi hutolewa baada ya saa 72, na kwamba watakaofika nne bora watacheza wakiwa kwenye simu ya video, kamera ikiwa pembeni ili ionyeshe kioo, mikono na meza kwa pamoja. Kamera inayoonyesha uso tu haina faida yoyote.

Sisi wa Zanzibar tunapenda karata. Kwenye karata kuna bahati. Mashindano yatampataje aliye bora? Na tutajuaje kwamba mashine inachanga karata kwa haki?

Jibu bora la swali la kwanza lilipatikana katika briji, mchezo wa karata unaochezwa jozi dhidi ya jozi. Mkono uleule, yaani karata zilezile zilizogawiwa kwa mpangilio uleule, huchezwa kwenye meza zote, na jozi haihesabiwi kwa karata nzuri iliyopata bali kwa jinsi ilivyofanya ikilinganishwa na jozi nyingine zilizoshika karata hizohizo. Ukipewa mkono mbovu na ukapoteza kidogo kuliko wenzako, umefanikiwa. Mezani, kazi hiyo huhitaji vibao maalumu vya kuhifadhi karata. Mtandaoni, kwenye tovuti kama Bridge Base Online, kompyuta huigawa mikono kwa meza mia kwa sekunde moja. Kwa michezo ambayo haina utaratibu huo, dawa iliyobaki ni kucheza michezo mingi, kwani mshindi wa mchezo mmoja wa karata hajathibitisha mengi.

Kuhusu kuchanga, wasiwasi wenu una historia. Karata 52 zinaweza kupangwa kwa namna nyingi kiasi cha namba 8 ikifuatwa na sufuri 67. Mwaka 1999 wataalamu wa usalama wa kompyuta nchini Marekani waligundua kwamba programu moja ya poka ya mtandaoni ilianzia uchangaji wake kwenye saa ya seva, ikihesabu milisekunde tangu usiku wa manane. Siku nzima ina milisekunde milioni 86.4 tu, hivyo mipangilio iliyowezekana haikuzidi idadi hiyo, na kwa kukisia saa ya seva waliweza kujua karata za kila mchezaji baada ya kuona chache zilizofunuliwa mezani. Kwa hiyo chagueni tovuti inayoeleza wazi jinsi inavyochanga, ikiwezekana iliyokaguliwa na mtu wa nje.

Niko Kigali. Tangazo lilisema saa mbili usiku. Nikaingia, nikakuta raundi mbili zimepita.

Saa mbili usiku ya Dar es Salaam na Nairobi ni saa tatu ya Muscat na saa moja ya Kigali na Bujumbura. Waratibu, andikeni saa pamoja na mji, kisha mwongeze tarakimu zinazoonekana kwenye tovuti, mfano «20:00, saa za Dar es Salaam».

Niko Dodoma. Je, naweza kutoza kiingilio cha shilingi 5,000 na kukigeuza zawadi?

Usikusanye hata shilingi kabla hujauliza. Tanzania ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2003, na ingawa sataranji ni mchezo wa akili, si wa bahati, pesa za washiriki zinazorudi kwa mshindi ni jambo la kulipatia jibu la maandishi, hasa kama ni karata. Iliyo nyepesi ni kutafuta mfadhili wa zawadi na kuacha mlango wazi bila malipo. Zawadi ikitumwa kwa simu, mwombe mshindi namba iliyosajiliwa kwa jina alilojiandikisha nalo, na kama ni mtoto, tumia namba ya mzazi.