Al Martino na kreti ya soda

SWALI: Shikamoo mzee wa santuri. Mimi na mjomba tumewekeana kreti ya soda. Yeye anasema mwaka 1952, Uingereza nzima, mwimbaji aliyefika namba moja kwenye chati ya kila wiki alikuwa mmoja tu, Al Martino. Mimi nimekataa. Mwaka una wiki 52, mtu mmoja azikalie zote? Tuamulie.
Msomaji wako, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Mjomba wako kasema kweli, ila kakuchezea karata. Mwaka 1952 namba moja ni Martino peke yake, lakini chati yenyewe ilizaliwa tarehe 14 Novemba! Kabla ya hapo Waingereza walipima wimbo kwa mauzo ya karatasi zake za noti za muziki. Martino, tena Mmarekani, alikaa wiki tisa, akaingia nazo Januari 1953, ndipo Jo Stafford akamng'oa.

Chati hiyo ilikuwa ya gazeti la New Musical Express. Mtu wao wa matangazo, Percy Dickins, alinyanyua simu akapigia maduka ya santuri kama 20 hivi, kila duka likamtajia zinazotoka sana, akajumlisha. Waliiita kumi na mbili bora, lakini zilitokea nyimbo 15, kwa kuwa zilizofungana ziliwekwa nafasi moja.

Hapo kwenye kuuliza wauza duka ndipo ninapocheka. Ujanani niliuza kanda Kariakoo. Kila Alhamisi alipita kijana wa kipindi cha muziki na daftari lake: "Bro, wiki hii ipi inatoka?" Siku moja nikamtajia kanda iliyonidodea, maboksi mawili chini ya meza, hata panya walishaonja makaratasi. Ikasomwa namba tatu. Kufika Jumamosi boksi moja limekwisha, na wateja wananilaumu eti nilikuwa naificha. Msanii mwenyewe alikuja kunishukuru, nikapokea shukrani. Simaanishi wa London walifanya hivyo, lakini muuza duka namjua.

Sasa, kama unataka mtu aliyeukalia mwaka kwelikweli, achana na 1952. Mtafute Frankie Laine, 1953. Wiki 27 za mwaka huo namba moja ilikuwa yake, yaani zaidi ya nusu, kwa nyimbo tatu. Wimbo wake "I Believe" ulishika kileleni Aprili, ukakaa wiki tisa. Eddie Fisher akautoa kwa wiki moja tu. Ukarudi, wiki sita. Mantovani na okestra yake, bila mwimbaji, akautoa wiki moja. Ukarudi tena, wiki tatu. Jumla 18. Hebu fikiria umemtoa mpangaji, umepaka na rangi, Jumatatu unamkuta sebuleni anakunywa chai.

Novemba ikawa vituko. David Whitfield, Mwingereza, alifika juu na "Answer Me". Wiki iliyofuata akang'olewa na Laine, kwa wimbo huohuo! Siku hizo wimbo mmoja ulirekodiwa na watu wengi, mteja anachagua sauti. Kisha wiki moja ya Desemba hesabu zikalingana, wote wawili wakawekwa namba moja, wimbo mmoja, waimbaji wawili. Ningekuwa na duka wiki hiyo ningezipanga santuri zote mbili dirishani, nikae nisikilize watu wakibishana.

Kuhusu kreti, mpe mjomba. Mlipatana mwaka, hamkupatana wiki. Ila kabla hajafungua chupa ya kwanza, mwambie akutajie nani alitamba 1953, na kwa wiki ngapi. Akisema Martino, rudi na nusu kreti yako.